Asidi Usoni: Nasaha kwa Wajukuu

Wajukuu zangu,

Mmoja wenu ameniuliza kama afanye pilingi kabla ya harusi yake. Mwingine ameniletea chupa aliyoinunua Kariakoo, akitaka nimsomee maandishi yake, na chupa yenyewe haina maandishi zaidi ya jina na picha ya mwanamke mweupe. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, na wenzenu wasome pia, maana swali hili sasa liko katika kila nyumba yenye kijana na simu. Mnajua kazi yangu ilikuwa uuguzi katika kliniki ya ngozi mpaka nikastaafu. Nimewahudumia waliopakwa asidi kwa utaratibu wakaondoka na nyuso zilizotulia, na nimewahudumia waliopakwa katika vyumba vya uani wakatujia wamejifunika mtandio hadi puani. Kwa hiyo sitasimama hapa kulaani jambo nisilolijua. Nitawaeleza ni kitu gani, halafu nitawaeleza ninachotaka mfanye.

Pilingi ni jeraha. Ni jeraha la makusudi, lenye kina kilichopimwa. Mtu anapaka asidi juu ya ngozi, asidi inaunguza tabaka la juu, tabaka lile linabanduka, na ngozi mpya inaota chini yake. Hakuna siri nyingine ndani yake. Ukishalikubali neno hilo jeraha, maswali ya kuuliza yanakuja yenyewe: lina kina gani, nani amelipima, na likiharibika nani atalitibu? Muuzaji asiyeweza kukujibu hayo matatu ni mtu wa kumuaga.

Hebu tuitazame ngozi yenyewe. Juu kabisa zipo seli zilizokufa, zimepangwa kama makuti ya paa, moja limelalia jingine, ndiyo maana mvua inakunyeshea na maji hayaingii mwilini. Chini yake zipo seli hai zinazozaliwa na kupanda juu polepole. Safari hiyo kwa kijana huchukua takriban wiki nne, na kwa mtu wa umri wangu huchukua muda mrefu zaidi. Chini zaidi ndipo ilipo ngozi ya ndani, yenye mishipa ya damu na nyuzi zinazoupa uso uimara wake. Pilingi nyepesi huondoa makuti, pengine na kidogo ya kilicho chini yake. Ya kati hupita tabaka lote la juu na kugusa ngozi ya ndani. Ya kina huingia ndani ya ngozi hiyo. Kila hatua ya kushuka huongeza hatari ya kovu, na kwa watu wa rangi yetu huongeza hatari ya doa jeusi kuliko lile lililokupeleka huko.

Asidi zenyewe si ngeni duniani. Asidi ya laktiki imo kwenye mtindi, na mkemia Scheele wa Sweden aliitenga kutoka katika maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Asidi ya glikoli imo kwenye miwa, ya mandeliki ilipatikana kwenye lozi chungu, na ya salisiliki ina nasaba na magome ya mti uitwao willow huko Ulaya, nasaba moja na aspirini. Daktari Paul Unna wa Hamburg aliandika mwaka 1882 juu ya kutibu ngozi kwa salisiliki, resosinoli, fenoli na asidi ya trikloroasetiki, ile inayofupishwa TCA. Nawatajia haya ili muuzaji asiwababaishe kwa neno "asilia". Asidi iliyo ndani ya chupa imetengenezwa kiwandani, na hata ingetoka kwenye muwa wenyewe ingeunguza vilevile. Ndimu ni ya asili, tena inatoka uani kwetu, lakini mtu akijisugua maji ya ndimu usoni kisha akatoka juani anaweza kupata malengelenge na michirizi myeusi itakayokaa kwa miezi, kwa sababu ndani ya ndimu mna kemikali inayoamshwa na mwanga wa jua.

Sasa nije kwenye rangi, maana hapa ndipo penye uzito.

Watu weusi na weupe wana idadi inayokaribiana ya seli zinazotengeneza rangi. Tofauti ni kwamba seli zetu hutengeneza chembe kubwa zaidi za melanini na kuzisambaza vizuri zaidi, na chembe hizo hutukinga na jua. Ni neema kubwa kwa watu wanaoishi karibu na ikweta. Lakini seli hizo ni sikivu mno. Ngozi yetu ikiumizwa, iwe kwa chunusi uliyoiminya, moto, kuumwa na mdudu au asidi, seli za rangi huchachamaa na kumwaga melanini kuliko kawaida. Ndiyo maana chunusi ya wiki moja inakuachia doa la miezi sita. Melanini ikibaki tabaka la juu, doa hufifia kadiri seli zinavyopanda na kubanduka. Ikidondokea kwenye ngozi ya ndani, doa huwa na rangi ya kijivu inayoelekea ubuluu, na hilo laweza kukaa miaka.

Mmeona mtego ulipo? Unakwenda kupakwa asidi ili kuondoa doa lililotokana na jeraha, na asidi yenyewe ni jeraha. Ikipakwa nyepesi, kwa kiasi, juu ya ngozi iliyoandaliwa, doa hufifia. Ikizidi kidogo tu, unarudi na baka lenye ukubwa wa kiganja mahali palipokuwa na madoa matatu. Na wenye asili ya kuota makovu yanayovimba, wale ambao hata tundu la hereni liliwaota nundu, wana hatari juu ya hatari. Madaktari hugawa ngozi katika aina sita kwa utaratibu ulioanzishwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, kuanzia ngozi inayoungua na jua daima mpaka ile isiyoungua kirahisi. Sisi wengi tuko aina ya tano na ya sita, na kwa aina hizo daktari mwangalifu hubaki kwenye pilingi nyepesi. Ya kati ataifikiria mara mbili. Ya fenoli hataigusa.

Kwa hiyo yuko anayefaa? Yuko. Kijana mwenye chunusi zisizoisha pamoja na madoa yake, akiwa tayari ametumia dawa za kawaida kwa miezi mitatu au zaidi bila kuridhika, anaweza kusaidiwa na pilingi ya salisiliki, kwa sababu asidi hiyo huyeyuka katika mafuta na kupenya hadi ndani ya vinyweleo vilivyoziba. Mama mwenye mabaka ya mashavuni yaliyoanza na ujauzito au vidonge vya uzazi anaweza kupata nafuu, ingawa mabaka hayo yana tabia ya kurudi na lazima aambiwe hivyo mapema. Vijana wa kiume nao wamo. Wewe ambaye kidevu chako kimejaa vinundu kila unyoapo, kwa sababu ndevu zetu zilizojikunja hurudi kuchoma ngozi, asidi ya glikoli au salisiliki kwa kiasi kidogo inaweza kukutuliza. Ila anza kwa kubadili unavyonyoa: acha kunyoa hadi chini kabisa, acha kuvuta ngozi, tumia mashine inayoacha ndevu fupi. Wengi watapona hapohapo wala hawatahitaji asidi.

Asiyefaa ni anayetaka kuwa mweupe. Hilo naomba mlisikie kwa sauti yangu. Rangi uliyozaliwa nayo si doa. Hakuna pilingi nyepesi inayobadilisha rangi ya mtu, kwa sababu viwanda vya rangi vimekaa chini ya tabaka linalobanduliwa na vitaendelea na kazi siku ya pili yake. Ule weupe unaouona siku ya tano ni ngozi changa ambayo haijamaliza kupata rangi yake. Muuzaji anajua hilo, ndiyo maana anakuambia urudi kila wiki, na anakuuzia krimu ya kuutunza huo weupe. Krimu hiyo ni mkorogo, hata akiiita jina gani.

Na mkorogo ukishaingia, habari inabadilika kabisa. Ndani yake mara nyingi mna kimoja kati ya vitu vitatu. Kipo cha steroidi, hasa klobetasoli, dawa nzuri sana ikiandikwa na daktari kwa ugonjwa wake, ambayo ikipakwa usoni kila siku kwa miezi huikondesha ngozi mpaka mishipa midogo ya damu ikaonekana. Kipo cha hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huleta weusi wa kibuluu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole. Afrika Kusini iliyaona hayo kwa watu wengi hata madaktari wake wakayaandika mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi ile ikapiga marufuku vipodozi vya namna hiyo. Na kipo cha zebaki, inayoharibu figo, na mama mjamzito anaweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliivalia njuga zebaki hiyo duniani kote. Hapa Tanzania vitu hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi zamani, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Bado vinauzwa, mnaviona.

Mtu aliyepaka mkorogo akipakwa asidi, makuti yake yamekwisha kupungua. Asidi ambayo kwa mwingine ingeishia juu, kwake inashuka moja kwa moja. Nimeshika mikono ya mwanamke mtu mzima aliyekuja kutafuta dawa ya sugu. Vifundo vyake vilikuwa vyeusi, vigumu, vimetofautiana kabisa na sehemu nyingine za vidole zilizokwisha kuwa rangi ya chungwa, na juu ya vifundo viwili palikuwa na vidonda vibichi kwa sababu mtu alikuwa amempaka "maji ya sugu" siku nne kabla. Ngozi ya vifundo ni nene na inakunjwa kutwa nzima. Haibanduki sawasawa, na ikipasuka hufunga kwa shida. Alipokunja ngumi alifumba macho. Ndiyo sababu nawaambia: unayetumia krimu yoyote ya kung'arisha, usifikirie pilingi kabla hujakaa na daktari wa ngozi ukamweleza kila kitu, kwa majina, bila aibu. Wala usiziache krimu za steroidi ghafla peke yako, maana uso hulipuka vipele na wengi hurudi kupaka kwa hofu. Daktari anajua namna ya kukushusha ngazi taratibu.

Nimeona niwaonyeshe pilingi inayofanywa inavyostahili, ili mkiona kinyume chake mjue.

Kabla ya siku yenyewe mgonjwa ameandaliwa kwa wiki kadhaa: kinga ya jua kila asubuhi, na mara nyingi krimu aliyoandikiwa ya kutuliza seli za rangi. Krimu za retinoidi amesimamishiwa siku kadhaa kabla. Ameulizwa kama ana mimba, kama aspirini humdhuru, kama amewahi kumeza vidonge vya isotretinoini vya chunusi, kama hupata malengelenge ya homa mdomoni, kwa sababu asidi huyaamsha na anaweza kuhitaji dawa ya kuyazuia. Amejaribiwa kidogo nyuma ya sikio au chini ya taya, akarudi siku nyingine.

Siku ikifika, uso unaoshwa na kufutwa mafuta kwa shashi, maana palipobaki mafuta asidi haitapita sawa. Vaselini inapakwa pembe za macho, mikunjo ya pua na midomo. Macho yanafunikwa pamba iliyoloweshwa. Feni inawashwa. Kisha mpakaji anaanza na paji la uso, anakwenda mashavuni, kidevuni, anamalizia pua, kwa haraka na bila kurudia, na saa iko mbele yake. Kama ni glikoli, macho yake hayabanduki usoni pa mgonjwa, kwa sababu asidi hiyo haijizimi. Huendelea kushuka mpaka uizime mwenyewe kwa maji mengi au mchanganyiko wa baikaboneti, na mara ya kwanza hupewa dakika chache sana. Pakianza kugeuka rangi mahali kabla ya muda, huzimwa hapohapo, hata kama saa inasema bado. Baikaboneti ikigusa asidi hutoa povu, na mgonjwa husikia moto wa ghafla kisha baridi. Kama ni salisiliki, mgonjwa huwaka dakika mbili tatu halafu uso unakufa ganzi, na unga mweupe unabaki juu. Huo ni asidi yenyewe iliyokauka, unafutika. Lakini kama ni TCA na ngozi ikageuka nyeupe, huo si unga. Ni protini za ngozi yenyewe zilizogandishwa, na kadiri weupe unavyokolea ndivyo asidi ilivyoshuka. Mtu asiyeweza kuutofautisha weupe mmoja na mwingine hana haki ya kushika brashi.

Baada ya hapo siku tatu hadi tano uso unakauka, unakuwa na giza kidogo, unabanduka vipande vidogo puani na mdomoni. Hauvutwi. Hausuguliwi. Unaoshwa kwa sabuni laini, unapakwa mafuta ya kulainisha, unakingwa jua. Na mgonjwa anarudi baada ya wiki mbili hadi nne kwa mzunguko mwingine, mara nne, mara sita, huku nguvu ikiongezwa kidogo kidogo. Kazi hii ni ya miezi. Anayekuahidi uso mpya kwa siku saba anakuahidi jeraha kubwa.

Hapo ndipo jibu la bibi harusi wetu lilipo. Harusi ni Desemba na sasa tuko Oktoba, usianze. Hata pilingi iliyofanywa vizuri inaweza kukuachia giza la wiki kadhaa, na hakuna poda itakayolificha mbele ya taa za mpiga picha. Ukiwa na chunusi, kamwone daktari wiki hii akupe dawa za kupaka, zina muda wa kukusaidia. Na kwa ngozi ya mwili mzima muite somo wako aje na singo. Mrehani, asumini, waridi, mlangilangi, karafuu na liwa vimewatoa mabibi zenu wakinukia na kung'aa, na mikono ya mwanamke aliyekusugua kwa upole siku hizo zote hubaki katika kumbukumbu. Singo haliondoi madoa, na sisemi linaondoa. Linalainisha, linanukiza, na halimchomi mtu.

Kuna jambo jipya linalonitisha kuliko hata la uso: pilingi ya mwili mzima. Asidi haiishii kwenye ngozi. Salisiliki ikipakwa eneo kubwa huingia kwenye damu kwa wingi, na mtu huanza kusikia masikio yanavuma, kichwa kinazunguka, pumzi zinakwenda mbio, tumbo linachafuka. Hiyo ni sumu ya dawa jamii ya aspirini, ni ya kukimbizwa hospitali. Mama mwenye mimba asikubali kabisa. Mafuta ya njano yanayouzwa kwa ajili ya kubandua mwili mzima hayasemi yana asidi gani wala kiasi gani, na anayekupaka hajui pia.

Na hata chupa ikisema, asilimia peke yake haitoshi. Ipo pia pH, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali. Asidi ya glikoli ya asilimia 30 yenye pH ya 3 na ile ya asilimia 30 ambayo haijapunguzwa ukali ni vitu viwili mbali kabisa. Wataalamu wa usalama wa vipodozi wa Marekani waliweka mpaka wao mwaka 1998: kwa mtu wa nyumbani isizidi asilimia 10 na pH isishuke chini ya 3.5, kwa saluni yenye mafunzo isizidi asilimia 30 na pH isishuke chini ya 3. Ushikeni mpaka huo. Chupa isiyoandika vyote viwili hurudi dukani, na kama muuzaji hakubali kuirudisha, afadhali hasara ya fedha hiyo. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wake wasinunue pilingi kali mtandaoni na kujipaka nyumbani, baada ya bidhaa hizo kuwaunguza watu. Marekani ina madaktari wa ngozi tele na maji ya bomba kila chumba. Sisi tunazinunua hizohizo, tena zilizokaa juani kwenye meza ya mchuuzi.

Fenoli nimeitaja, nimalize habari yake. Ni asidi ya pilingi ya kina kabisa. Hupenya hadi kwenye damu na kuweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hospitalini hufanywa mgonjwa akiwa amefungwa mashine ya moyo na dripu ya maji. Juni 2024 kijana wa miaka 27 alifariki jijini São Paulo, Brazil, baada ya kupakwa fenoli kwenye kituo cha urembo, na mwezi huohuo mamlaka ya afya ya nchi hiyo, Anvisa, ikapiga marufuku bidhaa za fenoli kwa matumizi ya aina hiyo. Mtu yeyote atakayekutajia fenoli saluni, vaa viatu uondoke.

Jua. Nusu ya kazi yote ya pilingi ni jua, na sisi tunaishi chini yake. Ngozi iliyobanduliwa haina makuti ya kutosha, na mwanga huamsha seli za rangi siku ileile. Kofia pana, mtandio, mwavuli, kutembea upande wenye kivuli, na kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, ipakwe nene, irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Wenye mabaka watafute iliyotiwa rangi ya udongo, maana madini ya chuma yaliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoyakoleza. Usipoweza kumudu kinga ya jua kwa miezi yote ya matibabu, usianze matibabu. Na unaponunua hiyo yako, kumbuka kwamba nchini mwetu wapo watu ambao kwao kinga ya jua ni uhai: ndugu zetu wenye ualbino. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni yao iitwayo Kilisun, kwa sababu saratani ya ngozi imewaondoa wengi wakiwa bado vijana. Usiombe ya kwao kwa ajili ya urembo wako.

Likitokea la kutokea, asidi ikakuunguza, fanya hivi. Maji, maji safi yanayotiririka, dakika 20 bila kukata tamaa, uso ukiwa umeinama ili yasiingie machoni. Na kama asidi imeingia machoni, osha macho kwanza. Usipake dawa ya mswaki, yai, asali, wala mafuta ya kupikia. Beba chupa uende nayo hospitali. Nenda siku hiyohiyo. Wengi huja wiki ya pili, kwa kumwonea haya mume au mama mkwe, na wiki ya pili daktari anatibu kovu badala ya kuokoa ngozi. Hakuna muuguzi mwenye moyo atakayekucheka.

Na wewe mjukuu wangu uliyesomea urembo VETA, unayetaka kuongeza pilingi kwenye saluni yako kwa sababu wateja wanaiulizia, nina maneno yako peke yako, kwa kuwa wewe utashika nyuso za watu. Baki kwenye nyepesi. TCA na fenoli waachie madaktari, na mteja akibisha kwamba jirani yako anazifanya, mwache aende kwa jirani. Usinunue asidi iliyomiminwa kwenye chupa nyingine. Usimpake mtu mara ya kwanza alipoingia mlangoni, hata akikuwekea fedha mezani. Mjaribu nyuma ya sikio, mwambie arudi wiki ijayo, na wiki hiyo itakuonyesha pia kama ni mtu anayefuata maelekezo. Mwenye kidonda cha homa mdomoni, mwenye kuchomwa na jua juzi, aliyetoka kunyoa au kutolewa nywele usoni kwa nta wiki hii, wote warudi nyumbani. Mwulize kila mmoja mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, anapaka nini usiku, kwa sababu mbele ya wenzake hatakuambia ni mkorogo.

Kisha uwe na daftari. Andika jina, tarehe, asidi gani, asilimia, pH, dakika ngapi, na uso ulikuwaje ulipozima. Piga picha kabla, kwa ruhusa yake, dirishani kwenye mwanga uleule kila mara, ili mwezi wa pili usije ukabishana naye kwa kumbukumbu. Nguvu usiipandishe kabla hujasoma ukurasa uliotangulia. Mteja akiondoka, mpe namba yako, na siku ya tatu mpigie wewe kabla hajakupigia yeye, umwombe picha, kwa maana ngozi iliyoungua kupita kiasi huanza kujionyesha hapo kwa wekundu usiotulia, maji na maumivu, na bado kuna muda wa kumpeleka kwa daktari wewe mwenyewe, mkiwa na daftari mkononi.